Mbuzi Kwenye Gunia la Bati

Kioo kilivunjika Jumapili asubuhi kwenye sakafu ya chumba changu hapa Katoro. Hakikuanguka. Nilikuwa nimekitoa ubavuni mwa kompyuta ili nipulize vumbi, nikakisimamisha taratibu kwenye vigae na kukiegemeza ukutani, kama mtu anavyoegemeza fagio. Kikatoa mlio mmoja mkali. Nilipogeuka hapakuwa na kioo tena. Palikuwa na rundo la punje nyeupe kama chumvi ya mawe, nyingine zimekimbilia mpaka chini ya kitanda.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza vitenge, alikuja mbio akidhani mtungi wa gesi umelipuka. Alipoona ni nini akashika kiuno.

"Si tulikuambia, mwanangu? Kioo si cha huku."

Sentensi hiyo nimeisikia tangu siku nilipoagiza kasha la kompyuta lenye ubavu wa kioo. Nimeisikia kwa fundi wa kompyuta mjini Geita, kwa kaka yangu aliyeko Kahama, na kwa mwenzangu tuliyesoma naye chuo, ambaye bado ananitumia picha za kompyuta za watu zilizovunjika ili kunikumbusha. Sababu zao ni vumbi, joto, barabara na wezi. Iko pia sababu nyingine wasiyoisema kwa sauti: kwamba kioo ni mambo ya vijana wa mjini wanaocheza gemu, na mtu anayehariri video za harusi na za kwaya huku machimboni anajipandisha mahali pasipo pake.

Naandika haya kuwajibu. Siku ile ile, kabla sijamaliza kufagia, nilikuwa nimeshaamua kwamba kompyuta yangu itapata dirisha jingine.

Nianze na kosa langu. Kioo cha makasha haya si kama kile cha dirisha la nyumbani. Hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Uso hupoa na kukaza kwanza, kiini kinafuata baadaye huku kikivuta kwa ndani. Kioo kinabaki hivyo maisha yake yote: nje kimebanwa, ndani kinavutwa. Ndiyo maana ukikipiga ngumi katikati kinakucheka. Udhaifu wake uko kwenye kingo. Kigae cha sakafuni ni kigumu kuliko kioo, na chembe yake moja ikichoma ukingo, mvutano wote uliofungwa ndani hufunguka kwa mara moja. Wezi wa magari wanalijua jambo hili kuliko sisi tuliosoma fizikia. Kipande kidogo cha kauri ya plagi kinawatosha kumaliza kioo cha mlango.

Kwa hiyo kilichovunja kioo changu si Geita. Si vumbi wala jua. Ni vigae na ujinga wangu, na vigae viko kila mahali. Dawa yake ni taulo lililokunjwa. Ningeijua mapema, jirani angeendelea na vitenge vyake.

Sasa niwaambie kuhusu kompyuta niliyokuwa nayo kabla ya hii, ile isiyokuwa na kioo, ambayo hakuna aliyeniambia kwamba si ya huku.

Ilikuwa ya mtumba, sanduku jeusi la ofisini, la aina ile inayoingia nchini baada ya kutumika miaka kadhaa kwenye ofisi za Ulaya au Dubai. Niliinunua Kahama. Niliambiwa ina RAM ya 16, nikaamini, kwa sababu muuzaji aliwasha, ikawaka, na wimbo ukacheza. Miezi michache baadaye ikaanza kuchoka. Video ya harusi ya dakika arobaini niliyozoea kuitoa kwa saa tatu ikawa inakesha. Nikaipeleka kwa fundi. Ikarudi, ikachoka tena. Nikaipeleka kwa wa pili, kisha kwa wa tatu, aliyekaa nayo siku nne. Katikati ya hayo kwaya moja ikakosa video yake kabla ya tamasha la Pasaka, wakataka fedha zao zote, nikawarudishia pamoja na nauli waliyotumia kunifuata.

Wiki mbili baada ya kutoka kwa fundi wa tatu, nilikopa bisibisi nikaifungua mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ndani ya kifaa kilichokuwa kinanilisha. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye mapezi ya kipoozeo mpaka likawa kama godoro, kipande kizima unachoweza kukibandua kwa vidole. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Yangu ilikuwa inajipunguzia mchana na usiku. Na kwenye nafasi mbili za RAM, moja ilikuwa na kipande cha 8. Ya pili ilikuwa tupu. Kila kitu humo ndani kilikuwa kimevaa blanketi la vumbi jekundu, lakini mfereji wa nafasi ile tupu ulikuwa safi, unang'aa. Kulikuwa na kitu pale, na kilikuwa kimetoka siku si nyingi.

Nani alikichukua? Kila niliyemfikiria alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo, na hakuna niliyeweza kumshika. Utaniambia kwamba kompyuta yenyewe huonyesha kiasi cha RAM kwenye mipangilio. Ni kweli. Lakini sikujua pa kutazama, na watu niliowauliza ndio hao hao niliowapelekea.

Waswahili tuna msemo wa kununua mbuzi kwenye gunia. Mimi nilinunua mbuzi kwenye gunia la bati, nikamlisha umeme mwaka mzima, na kila nilipompeleka kwa daktari alirudi na mguu mmoja pungufu.

Angalia hata lugha yetu. Nenda kwenye stationery yoyote, Shinyanga mjini, Masumbwe au Runzewe, uulize lile sanduku linaitwaje. Utajibiwa: CPU. Sanduku zima, na feni zake, diski zake na nyaya zake, tumelipa jina la kipande kimoja kinachotosha kiganjani mwa mtoto. Hatukufanya hivyo kwa sababu sisi ni wajinga. Mtu hukipa jina kile anachokiona, nasi tulichokiona ni bati. Vya ndani tukamwachia fundi, na fundi akawa kama mganga: unampelekea mgonjwa, anafunga pazia, unasubiri nje, unalipa.

Mjomba wangu ananunua mawe ya wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu. Hajui kuwasha kompyuta. Lakini sijawahi kumwona ananunua kiroba kilichofungwa. Anakifungua, anachota mawe juu, katikati na chini, kwa sababu anajua wajanja huweka mazuri juu. Anayaponda, anayaosha kwenye karai, anainamisha karai kwenye jua na kutazama mkia wa njano unaobaki. Ndipo anapotaja bei. Siku moja nilimwona akimkatalia mtu aliyemsihi kwamba yeye ni ndugu, amwamini tu. Alimjibu kwa upole: "Nakuamini wewe, baba. Kiroba ndicho sikiamini."

Hii ndiyo elimu ya ukanda huu. Watu wetu wamepoteza ng'ombe, mashamba ya pamba na ndoa kwa kuamini viroba, wakajifunza kufungua. Halafu mtoto wao anahitimu chuo, anarudi na mkopo wa elimu ya juu mgongoni, ananunua kifaa cha shilingi milioni moja na nusu bila kuomba kifunguliwe, kwa sababu kukifungua ni kazi ya fundi.

Na jambo hili ni kubwa kuliko kompyuta. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukitoka Bulyanhulu na Buzwagi, hapa hapa Kahama, kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Makontena 277 yakazuiwa. Mei ikatoka ripoti ya kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, Juni ikafuata ya Profesa Nehemiah Osoro. Kamati ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi mara kadhaa kuliko iliyotajwa na kampuni; kampuni ikakana. Januari 2020 mikataba mipya ilisainiwa na Barrick, na serikali ikapata hisa za asilimia 16 kwenye migodi hiyo.

Nani alikuwa mkweli kuhusu kilichokuwamo, sina haja ya kuamua hapa. Ninachokumbuka ni vijiwe. Miezi ile kila kijiwe cha kahawa na kila bodaboda alikuwa na tarakimu zake. Tulirushiana maneno, ndugu wakanuniana, kwa ajili ya yaliyomo ndani ya masanduku ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyachungulia. Magari yalikuwa yamepita mbele ya nyumba zetu miaka mingi, yamefunikwa, nasi tulikuwa tukihesabu matairi. Miaka miwili baadaye masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa, Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, sifa kubwa niliyosikia kwa wachimbaji wadogo ilikuwa moja: mzigo unapimwa unaona.

Kwa hiyo mtu akiniambia kioo si cha huku, namuuliza: ni wapi basi? Kama kuna watu duniani waliolipia gharama ya sanduku lililofungwa, ni sisi.

Lakini nina ugomvi pia na watu wa upande wangu, na ugomvi huu ni mkali zaidi, kwa sababu wao ndio wanaompa jirani yangu haki ya kucheka.

Dirisha la kompyuta lilianza kama kitu cha wadadisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa wakikata makasha yao ya bati kwa msumeno na kubandika plastiki angavu, kwa sababu walichounganisha kwa mikono yao walitaka kukiona. Viwanda vikaliona soko. Plastiki ikawa kioo, kioo cha ubavu kikaenea mpaka mbele na juu, zikaongezwa taa za rangi saba, na leo kuna makasha yanayofanana na tangi la samaki kuliko mashine ya kazi. Kijana wa kwetu anayaona kwenye simu, anajikusanya miezi sita, analinunua. Fedha inayobaki ndiyo inanunua pawa saplai isiyo na jina.

Nimeiona kompyuta ya namna hiyo. Ilikuwa inawaka kama baa. Feni zake zilizunguka kwa rangi ya zambarau, lakini zilikuwa nyuma ya kioo cha mbele kilichoacha upenyo wa unene wa kidole, zikitafuta hewa na kuikosa. Siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ilikufa na kuondoka na mazabodi. Kasha lilibaki zima, zuri, halina kazi. Mwenye nalo akaligeuza kabati la marashi.

Huyu naye amenunua gunia. Tofauti ni kwamba gunia lake linang'aa. Methali ya ving'aavyo na dhahabu, huku kwetu si mapambo ya mwandishi; kuna watu wamechimba miezi wakifuata mkanda wa jiwe la njano lisilokuwa dhahabu. Kioo kinachowekwa ili watu wa nje waone taa hakikusaidii kuona chochote. Ninachotetea mimi ni dirisha la mwenye mali: unakaa, unafanya kazi yako, na jicho lako likipita linajua kama feni inazunguka, kama waya umelegea, kama vumbi limeanza kujenga, na kama kilichokuwamo jana leo kimo.

Basi hivi ndivyo ninavyochagua, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

Kioo kiwe kimoja, ubavuni. Mbele pawe na wavu, si kioo, kwa sababu hewa haipiti kwenye urembo. Nyuma ya wavu pawe na kichujio cha vumbi, na kingine chini, panapovutia hewa pawa saplai, na vyote vitoke bila bisibisi. Kichujio kinachodai bisibisi hakitaoshwa. Feni za kuingiza hewa zizidi za kutoa, mbili mbele na moja nyuma zinatosha. Hewa ikiwa na msukumo ndani, hutoka yenyewe kwenye kila kitundu, na vumbi halipati pa kuingilia isipokuwa kwenye kichujio. Huku ambako kiangazi huanza Juni na barabara za mitaa hazijui lami, na makarasha yanasaga mawe mchana kutwa, hili ndilo jambo la kwanza, hata kabla ya umbo.

Kama linatoka Kariakoo, mwambie anayekutumia atoe kioo, akifunge peke yake kwa blanketi, akilaze katikati ya kasha lenyewe, halafu andika juu jina lako na neno KIOO kwa herufi ambazo kondakta atazisoma usiku. Ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na buti la basi halina huruma.

Wezi? Hapo sibishi. Zima taa za rangi, au usinunue kabisa, na usiweke kompyuta dirishani. Sanduku linaloangaza mpaka barabarani ni tangazo.

Na kanuni ya mwisho, ninayoishikilia kuliko zote: bei ya kasha isizidi bei ya pawa saplai. Ukiona imezidi, ujue unanunua nyumba ya mbuzi kabla ya mbuzi.

Najua nitajibiwa kwamba mtu anaweza kununua kasha la bati na kulifungua kila Jumamosi. Anaweza. Mimi nilikuwa na miezi kumi na minne ya Jumamosi na sikulifungua hata moja. Kitu kilichofichwa hukisafishi, kwa sababu hakikuaibishi. Mama yangu hufagia sebule kila siku na stoo mara mbili kwa mwaka, naye ni mwanamke msafi.

Kioo kilichovunjika sikupata cha kufanana nacho. Fundi wa madirisha alinipimia cha kawaida, nikakataa, kwa sababu kikivunjika kinatoa visu. Kile kilichopikwa hakikatwi tena kikishapikwa. Unatakiwa ukikate kwanza. Mwishowe nilikwenda kwa kijana anayetengeneza mabango ya maduka. Alikuwa na kipande cha akriliki kilichobaki kwenye bango la duka la dawa. Akakikata kwa vipimo vyangu, akatoboa matundu manne kwa skrubu, elfu kumi na tano. Kina mikwaruzo, na pembeni kuna kivuli cha herufi D isiyotaka kufutika. Kinatazamika.

Mjomba alipita wiki iliyofuata akitokea sokoni Geita. Aliinama, akaweka mikono magotini, akachungulia kwa muda mrefu kama anavyochungulia karai. Nikazima, nikafungua, nikachomoa kipande kimoja cha RAM nikampa. Nikamwonyesha meno yake ya njano pembeni na kumwambia kwamba ni dhahabu, utando mwembamba tu, kwa sababu haishiki kutu na inapitisha umeme vizuri.

Akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akakiinua na kukishusha kama anayekadiria uzito.

"Kumbe ndiko inakokwenda," akasema. Kisha: "Na wakishaiweka humu wanafunika kwa bati?"

"Wengi, mjomba."

Akatikisa kichwa, akanirudishia, akaniangalia mpaka nilipokirudisha mahali pake na kusikia kimebana. Hakuniuliza bei ya kompyuta. Aliniuliza kama pale kwenye ile nafasi nyingine kilikuwamo na cha pili, nikamwonyesha kwamba kimo.

Jumamosi hii nimeona utando wa vumbi kwenye feni ya mbele, ya chini. Nimezima umeme, nimetandika taulo juu ya vigae, nimeshika bisibisi.